Wiki Niliyomwita Yusufu Yohana

Jumamosi ile nilikuwa bado na sahani ya Mama Yusufu. Idd ilikuwa imepita siku chache, na kama kila mwaka alikuwa ametuletea pilau kwenye sahani yake ya bati yenye ukingo wa bluu. Katika mstari wetu wa nyumba pale Shauri Moyo, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kwa hiyo nilikuwa nimekanda unga wa mandazi, na huku unga ukiumuka nilipiga pasi nguo za kanisa kwa pasi ya makaa. Mume wangu Elija, ambaye ni fundi wa mbao, alikuwa nje chini ya mabati akiranda miguu ya kitanda, na watoto walicheza kwenye maranda.

Yusufu alipita kutuaga. Alikuwa makanika katika kambi ya jeshi la anga kule Eastleigh, na likizo yake ya siku mbili ilikuwa imekwisha. Nilipoletwa Nairobi kama bibi arusi kutoka Murang'a, nikiwa sijui Kiswahili zaidi ya "jambo", yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ndiye aliyenifundisha kuuliza bei Gikomba bila kupunjwa. Njeri wangu alipotaka kuzaliwa, Yusufu ndiye aliyekimbia kumwita mkunga. Alikula kwetu siku nyingi kuliko siku alizokula kwao, na Elija alipoombea chakula, Yusufu alikuwa akitembeza midomo bila sauti, maana alikuwa ameshashika maneno yote.

"Niwekee mandazi mawili, Mama Njeri," aliniambia. "Nikirudi nayakuta."

"Ukirudi utakuta sahani tupu," nilimjibu, naye akacheka akaenda zake.

Lazima niseme nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimeokoka, na katika ushirika wetu mtu aliyeokoka hutembea nuruni. Ukikosa, hungoji kukamatwa. Siku ya Alhamisi unasimama mbele ya ndugu na dada, unalitaja kosa lako, wanakuimbia, unaketi ukiwa mwepesi. Mimi nilikuwa nimetubu hadi kijiko cha sukari. Nilikuwa nimetubu wivu wa kitambaa cha kichwa cha dada mmoja, na yeye ameketi pale pale amekivaa. Elija alinitania kwamba hata kuku wetu akitaga kwa jirani nitasimama kushuhudia. Nilicheka, lakini moyoni nilijiona. Nilijivunia ule weupe wa moyo kama mwanamke anavyojivunia shuka zake kwenye kamba.

Jumapili asubuhi, tukiwa tunavaa kwenda kanisani, redio ilikuwa inapiga muziki wa jeshi. Kisha sauti tusiyoijua ikasema serikali imepinduliwa.

Tukasikia bunduki. Kwanza mbali, upande wa mjini. Halafu karibu.

Elija alifunga mlango, akawalaza watoto sakafuni, akasema leo ibada ni hapa hapa. Kupitia ufa wa dirisha niliona watu wakirudi kutoka mjini na magodoro, redio, majora ya vitambaa. Mwanamume mmoja alikuwa amekumbatia viatu vya dukani, na vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. Ningecheka kama si ule mlio.

Mchana redio ilibadilika tena. Jeshi lilikuwa limewashinda wale wa anga, na sasa waliokuwa wakishangilia walikuwa wakikimbia.

Saa kumi Mama Yusufu aligonga ukuta. Nyumba zetu zilishikana ukuta mmoja, na kugonga mara tatu kulimaanisha njoo.

Nilimkuta Yusufu ameketi nyuma ya pazia, bado amevaa sare.

"Walituamsha, wakatugawia bunduki," aliniambia. "Wakasema twende. Sikuua mtu, mathe. Niliitupa mtaroni."

Mama yake hakulia. Alinishika mkono akasema, "Kwangu watakuja kwanza. Kila mtu anajua mwanangu ni wa anga."

Sikumngoja amalize. Nilimwambia, "Basi atakuwa kwangu."

Naandika hivi kwa sababu ni kweli: siku hiyo sikujiuliza kama ni mapenzi ya Mungu. Nilimpenda yule kijana, basi. Mama yake aliichana ile sare vipande vipande akaichoma jikoni, na Elija akampa Yusufu suruali yake ya kazi na shati lenye gundi. Asubuhi iliyofuata alikuwa chini ya mabati akiranda mbao, nywele zimejaa vumbi, kama fundi yeyote wa Shauri Moyo. Akirudi ndani anakula, anamfundisha Njeri hesabu. Akipita mtu uani, anainama juu ya mbao.

Wanajeshi walifika Jumanne saa saba, tukiwa mezani. Walikuwa wameshapindua nyumba ya Mama Yusufu. Tuliwasikia kupitia ukuta, kila sufuria.

Mlango wetu ukapigwa teke.

Wanne. Mmoja alibaki mlangoni.

"Huyu ni nani?" Aliyeuliza alikuwa mtu mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Bunduki yake ilimwelekea Yusufu kifuani.

Njeri, aliyekuwa na miaka minane, alinitazama. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemchapa kwa kudanganya.

"Ni shemeji yangu," nikasema. "Ndugu ya mume wangu. Anaitwa Yohana. Ni fundi."

"Kipande? Kitambulisho?"

"Kimebaki Murang'a," Elija akasema.

Yule mwanajeshi alitazama ukutani, kwenye kalenda ya kanisa. Akatazama sahani zetu za githeri, hazijaguswa.

"Ninyi ni watu wa kanisa. Sawa. Yohana, ombea chakula."

Yusufu alifumba macho. Akaikunja mikono vile vile Elija anavyoikunja, dole gumba la kushoto juu.

"Baba, kwa hiki kidogo asante, na asiye nacho umpelekee. Amina."

Alikohoa hata kile kikohozi kidogo ambacho Elija hukohoa kabla ya amina.

Yule mtu akashusha bunduki. "Amina," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kwao. Wakatoka.

Elija alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, amemshika Yusufu shingoni. Mama Yusufu aligonga ukuta mara tatu, nami nikagonga mara tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizopata katika nyumba ile.

Jioni nikiwa namwosha miguu, Njeri aliniuliza, "Mama, utasema siku ya ushirika?"

"Niseme nini?"

"Kwamba umedanganya."

Swali lile lilinikaa kama mwiba wa samaki. Nilimweleza Elija. Akaacha kunoa randa yake.

"Ngoja," akasema. "Hata miezi ngoja. Mungu si karao, hatakuja kukukamata kwa sababu ya kafyu hii waliyotutangazia."

"Na mtoto je? Atajifunza nini kwangu?"

"Atajifunza kwamba Yusufu yuko hai."

Alikuwa amesema kweli. Najua sasa, na nadhani nilijua hata wakati ule. Lakini Alhamisi saa tisa tulipoketi kwenye ushirika, nyumbani kwa dada mmoja mstari wa pili, sikuweza kuimba. Watu kama ishirini niliowaita ndugu walikuwa wakimshukuru Mungu kwa kuwaokoa na risasi. Njeri alikuwa amekaa mapajani pangu akiningoja. Elija alinibana kiwiko.

Nikasimama.

Sikumtaja mtu. Nilidhani hilo linatosha. Nilisema, "Jumanne askari waliingia kwangu wakaniuliza, nami nikadanganya nikampa mtu jina lisilo lake. Bwana amenionyesha, nimetubu." Waliniimbia wakanikumbatia. Nilitoka mwepesi kama siku zote, na wepesi ule ndio sijajisamehe hadi leo.

Wanajeshi walikuja kesho yake, Ijumaa mchana, Mama Yusufu akiwa msikitini.

Hawakugonga mlango mwingine. Walikuja moja kwa moja chini ya mabati.

Yusufu aliweka randa chini polepole, ikiwa imelala ubavu, kama Elija alivyomfundisha, ili makali yasiharibike. Wakamfunga mikono. Elija naye wakamfunga.

Alipopita mbele yangu alisema, "Mama Njeri, mwambie mama nimekula."

Elija alirudi baada ya siku tisa. Sikio lake la kushoto halikusikia tena maishani mwake. Hakuwahi kunilaumu, hata siku moja. Nikimwita kutoka upande ule, aligeuka tu kunitazama mdomo.

Ni nani aliyesema, sijui. Labda hakuwa mbaya. Labda aliogopa, au alimsimulia mwingine aliyeogopa. Ulimi hauna mfupa. Lakini katika ushirika uliotubu hadi vijiko, hakuna aliyesimama kulitubu hilo. Nami sikuwa na haki ya kuwangoja, kwa maana neno lilitoka kwangu kwanza.

Mahakama ya kijeshi ilimfunga Yusufu. Siku tuliyopata habari hiyo nilikwenda kwa Mama Yusufu, nikapiga magoti kwenye mkeka wake, nikamweleza yote: ushirika, Njeri, wimbo, na jinsi nilivyotoka mwepesi.

Alisukuma kikombe chake cha chai kando.

"Hiyo nuru yenu," akasema, "ilimulika nyumba ya nani?"

Nilirudi kwangu. Kwa miezi ukuta ulikuwa kimya. Nilimpelekea mandazi kwenye ile sahani ya bluu, nikayakuta mlangoni kwake asubuhi, yameliwa na sisimizi. Niliichukua sahani nikaiosha, nikajaribu tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Sikuwa najipendekeza. Sikujua njia nyingine ya kuomba.

Kisha siku moja, mara tatu ukutani.

Alikuwa na barua ya Yusufu mkononi. Yeye alisoma Kiarabu cha Kurani, lakini herufi zetu hakuzijua.

"Nisomee," akasema. "Halafu uniandikie jibu."

Nikasoma. Nikaandika. Aliniandikisha mambo ya mtaa, nani ameolewa, mvua imenyesha au la. Tulipomaliza nilimwambia, "Mama Yusufu, niruhusu niandike na langu. Nimwambie kwamba ni mimi."

Alinishika mkono wenye kalamu.

"Usithubutu."

"Moyo wangu hautatulia."

"Basi usitulie," akasema, lakini si kwa ukali, alikuwa amechoka. "Mimi ni mgonjwa, Mama Njeri, na sijui kama nitamwona. Akitoka atataka mlango wa kugonga. Ukimwambia, wewe utapona, yeye atakosa mama wa pili. Mzigo huu ubebe. Ndiyo malipo ninayoyataka."

Nilimwapia. Mimi, wa nuru.

Niliandika barua zake kwa miaka minne, mpaka alipofariki. Dada zake walimwosha, na mimi nikawapikia waombolezaji pilau, kwa mkono ambao yeye alikuwa ameufundisha kiasi cha bizari. Kisha nikaandika barua ya mwisho kwa Yusufu, peke yangu, na hiyo pia nikaiandika bila kutaja langu. Kwenye ushirika niliendelea kwenda, nikiketi nyuma. Wengine walidhani nimepoa kiimani. Sikupoa. Nilikuwa nimejifunza kwamba yako mambo ambayo mtu huyaweka mbele ya Mungu peke yake, kwa sababu kuyaweka mbele ya watu ni kuyatua juu ya mgongo wa mwingine.

Yusufu alitoka mwaka wa sita. Aligonga mlango wangu mchana, amekonda, amevaa suruali iliyofungwa kwa kamba. Njeri, msichana mrefu sasa, ndiye aliyefungua. Alimtazama, akalia, akakimbilia uani. Yeye pia alikuwa amebeba mzigo wake, na sikuwahi kumwambia kwamba haukuwa wake.

Nilimpakulia Yusufu kwenye sahani ya bluu. Aliijua. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake pole pole.

"Mle ndani nilifikiria sana ni nani aliyenitaja," alisema. "Mwaka wa kwanza nilitaka jina lake nimuue. Sasa sitaki hata kulijua."

Elija hakusikia, sikio lake bovu lilikuwa upande wetu. Mimi nilisikia. Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Nikamkumbuka Mama Yusufu akinishika kalamu, nikalimeza.

"Omba tule, mwanangu," nikasema.

Sasa Mama Yusufu hayupo, Elija hayupo, na Yusufu tulimzika mwaka juzi, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye hakukosa hata Krismasi moja kwenye meza yangu. Ndiyo maana naweza kusema. Siku ile aliporudi, alifumba macho, akakunja mikono, dole gumba la kushoto juu.

"Baba, kwa hiki kidogo asante, na asiye nacho umpelekee. Na yule aliyenitaja, umpe usingizi."

Akakohoa kidogo, akaningoja niseme amina. Nikasema.