Basi la Upande wa Kushoto

Wenzake kazini walimwita Taratibu, naye hakulichukia jina hilo. Alikuwa ameendesha mabasi ya abiria tangu ujana wake bila kumkwaruza hata kuku, na kila aliyemjua alidhani mtu yule hana hofu ya barabara. Kumbe tangu barabara kuu ifanyiwe marekebisho, alikuwa akishika usukani roho mkononi.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mazuri, tuseme ukweli. Zamani magari yote pale yalielekea upande mmoja, na basi lilisota kwenye foleni hadi abiria wakakata tamaa, wakashuka, wakatembea na kufika kabla yake. Wahandisi wakaja, wakatenga njia moja ya pembeni iwe ya mabasi tu. Ili wenye magari yao wasiivamie, wakaamua mabasi yapite humo yakielekea kinyume na magari mengine yote. Nani atathubutu kuingiza kigari chake mbele ya pua ya basi? Foleni ikapungua, watu wakawahi kazini, wahandisi wakapongezana.

Walichosahau ni shingo za watu. Wakazi wa pale walizaliwa na kuzeeka wakigeuza shingo kulia tu kabla ya kuvuka, kwa sababu kushoto hakukuwahi kutokea kitu. Maandishi makubwa ya kuwaonya yalichorwa chini, nao wakayakanyaga wakiwa wanaangalia kulia. Sasa kila siku Taratibu aliona visogo vya watu mbele ya kioo chake, na kila kisogo kilimtoa jasho jembamba.

Kisogo alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa cha mama yake. Mama alikuwa mshonaji. Kila asubuhi alifunga suruali alizozipunguza urefu, akavuka nazo kwenda kwa dobi wa ng'ambo aliyempa kazi hiyo. Taratibu alimsihi azunguke kwenye taa, akamsihi tena, akajitolea hata kumtafutia mtu wa kuzipeleka.

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kuvuka barabara?" mama alimwuliza. "Nani alikuwa anakushika mkono ukienda shule?"

Sikio la kufa halisikii dawa, Taratibu akawaza, kisha akajuta, maana si neno la kumwazia mzazi. Usiku alimwota mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amempa kisogo.

Basi siku ikafika. Alikuwa anateremka barabara kuu na basi limejaa, taa ya kijani inamwita, alipomwona mama na furushi lake kwapani. Mama akageuza shingo kulia, akaridhika, akashusha mguu. Taratibu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nyuma yake abiria waliangukiana, mmoja akaumia goti, matusi yakamwagika. Mama alishtuka, akalitazama basi lililosimama karibu kabisa naye, akainua mkono kushukuru, akaendelea na safari yake. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, hakuona aliyekuwa ndani. Taratibu alibaki amekanyaga breki mpaka honi za mabasi ya nyuma zikamwondoa pale.

Jioni alirudi nyumbani amejiandaa kumtisha, maana ushauri ulikuwa umeshindikana. Lakini mama alimtangulia kwa hadithi yake: leo amekutana na dereva muungwana, amesimama bila hata kumpigia honi.

"Ni mimi, mama," Taratibu alisema. "Nusura nikuue mimi mwenyewe."

Mama aliweka sindano chini. Alimtazama kwa mapenzi ambayo Taratibu hakuwa ameyaona usoni pake tangu utotoni, na mapenzi hayo yakamwogopesha kuliko kitu kingine chochote siku ile.

"Kumbe ni wewe? Basi nina hofu gani tena, ikiwa mwanangu yumo mle ndani?"

Taratibu akamweleza kwamba madereva ni wengi, mabasi yote ni rangi moja, na mtu aliye nje haoni anayeendesha. Mama akamwambia ale, chakula kinapoa.

Asubuhi yake msimamizi wa kituo alimwita ajieleze kuhusu goti la abiria. Alikuwa katikati ya maelezo alipochungulia dirishani akaona basi lake linatoka getini. Aliuliza ni nani amelichukua. Msimamizi akamjibu kwamba amepewa kijana wanayemwita Mshale.

Taratibu hakuaga. Basi lilikuwa lianzie juu kupakia abiria ndipo lishuke, kwa hiyo alikata kwa miguu moja kwa moja kuelekea pale mama anapovukia, akipita katikati ya watu, kifua kinamwaka, huku akimwomba Mungu mama achelewe kuamka.

Mama hakuwa amechelewa. Alikuwa amesimama ukingoni na furushi lake, na safari hii alikuwa anaangalia kushoto. Aliliona basi vizuri kabisa. Akatabasamu, akainua mkono kulipungia, akashuka barabarani.

Taratibu alimdaka kiunoni kutoka nyuma, wakaanguka pamoja kando ya barabara. Upepo wa basi uliwapiga usoni na suruali za watu zikatawanyika. Halikupunguza mwendo hata kidogo. Mama alikuwa anafurukuta, macho yake yangali yanalifuata basi.

"Niachie," alimwambia aliyemshika, bila kugeuka. "Yule ni mwanangu. Atasimama."