Mkono wa Mtani Kwenye Keki ya Karanga

Siku niliyompiga mtani wetu mkono kwa mwiko naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya harusi yangu. Nilimpiga mbele ya wafiwa, ndani ya nyumba ya marehemu mjomba wangu, kwa ajili ya keki ya karanga na kakao. Nimelitanguliza kosa lenyewe kwa sababu nikianza na habari nyingine nitaingiwa na hofu, na nikiingiwa na hofu nitalipamba.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, reli ikiwa imekwisha kufika Morogoro mjini. Nilikuwa kijana ambaye hajaoa, dobi katika shamba moja la Wajerumani chini ya mlima. Nilifua na kupiga pasi ya mkaa, na shati lililobaki na mkunjo mmoja mahali pasipo pake nililirudisha majini nikaanza upya. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kama kila mtu amesimama nyuma ya bega langu akingoja nikosee.

Kibanda cha kufulia kilitazamana na dirisha la jiko. Bibi wa nyumba ile hakumwachia mpishi keki zake, alizioka mwenyewe kila Jumamosi, nami huku pasi ikipata moto nilitazama. Unga wa kakao ulitoka katika kopo la bati, na harufu yake ilinifanya niunguze shati la bwana. Sikufundishwa na mtu. Nilihesabu mayai kwa macho, nikapima unga kwa macho, nikapanda na hesabu hiyo kichwani hadi kwetu mlimani. Bibi yule alipofungasha kurudi kwao, alinipa kopo lililobaki nusu. Akaniambia, "Umelitazama kuliko nilivyolitumia mimi."

Yeye katikati ya keki aliweka lozi za kusaga. Lozi sikuwa nazo, nilikuwa na karanga za mama. Nilizikaanga chunguni mpaka zikanukia, nikazipeta maganda, nikazitwanga, kisha nikazisaga juu ya jiwe. Karanga hukataa kwanza, mwanangu. Huwa vumbi, kisha huwa donge, na ukikaribia kukata tamaa hutoa mafuta zenyewe zikalainika kama udongo wa mfinyanzi. Nilizitia asali na chumvi kidogo. Pembeni nilikoroga kakao, mayai, samli na unga wa ngano. Nusu ya rojo hilo niliimimina katika sufuria, nikafunika, nikaweka mkaa kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko. Likishika, natandaza karanga. Zikipoa, namimina nusu ya pili na kurudisha mkaa juu.

Mara ya kwanza karanga zilizama. Mara ya pili tabaka la juu liliteleza likaangukia upande. Nikakata bua la mtama, nikalitia alama kwa kisu, nikawa natoboa keki nipime kama matabaka yote matatu yana unene mmoja. Mama alinitazama siku hiyo akiwa anachambua mboga.

"Mwanangu, hicho ni chakula au unajenga nyumba?"

"Kikipinda watu watanicheka, mama."

"Watakucheka wameshiba. Ubaya uko wapi?"

Sikumsikia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha mjomba akafariki. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mjomba, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa nguzo yangu. Ndiye aliyenitetea wazee waliponicheka kwa kushika pasi badala ya jembe. Niliapa moyoni kwamba siku ya kuondoa tanga, siku ya kumaliza msiba, nitaleta keki isiyo na dosari, watu waone mjomba alimtetea mtu wa maana.

Wewe uliyezaliwa mjini huenda humjui mtani. Ukoo wetu na ukoo wa Bibi Chausiku, mama mmoja mtu mzima wa mgongo wa pili wa mlima, ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua chakula msibani bila kuomba, kwa kuwa ni haki yake. Na mtani huyohuyo ndiye anayezika, ndiye anayewanyoa wafiwa na kuwaosha ili msiba uishe. Mpaka awanyoe, wafiwa wa karibu hukaa ndani na hawashiki jembe. Mama yangu alikuwa ndani. Masika yalikuwa yameanza, na shamba lake halikuwa na punje hata moja.

Bibi Chausiku aliingia amevaa kanzu ya marehemu, nyuma mbele, akitembea kama marehemu alivyotembea na kukohoa kama alivyokohoa.

"Mnajua kwa nini alikohoa hivi?" aliuliza. "Akiona mgeni anapanda mlima, anakohoa, ili mkewe afiche ugali."

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Hata mama, chini ya kaniki yake, alitikisika mabega. Kisha Bibi Chausiku akaliona sinia langu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwiko mpana wa kugawia.

"Na hiki nini, mume wangu? Udongo wa kaburi ulibaki?"

"Ni keki, bibi. Ngoja kidogo, nitaikata."

"Uikate? Mjomba wako alikatwa? Amekwenda mzima."

Na mkono wake, wenye majivu ya kuwapakia wafiwa, ukaingia katikati ya keki. Niliona matabaka yangu matatu yamesimama wazi, sawasawa kabisa, halafu yakabanwa kwenye ngumi yake. Mpaka leo sijui mkono wangu uliamriwa na nani. Niliona tu mwiko umeshuka. Mlio wake haukuwa mkubwa, mwanangu. Ni mti juu ya mfupa.

Kicheko kilikatika. Nilingoja anitukane, na nilimwomba Mungu anitukane. Bibi Chausiku aliutazama mkono wake, akairudisha ile ngumi ya keki siniani taratibu, akafungua vidole kimoja kimoja.

"Samahani, baba," akasema kwa sauti ya upole ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Sikujua kwamba hapa pana wenyewe."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akashika kichwa. Mtani akikutukana, yuko nyumbani. Mtani akikuomba samahani, ameondoka hata kabla hajainuka. Bibi Chausiku akaivua kanzu ya marehemu, akaikunja, akailaza juu ya mkeka. Akachukua wembe wake na beseni lake. Watu wa ukoo wake wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, na hakuna aliyeaga.

Mama hakulia wala hakunigombeza. Alitazama mlango walimotokea. Nje matone yalikuwa yameanza kugonga migomba.

"Mvua hiyo," akasema.

Mjomba Kibwana, mdogo wa marehemu, ndiye aliyenivuta nje. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Umemfanya mtani kuwa mgeni," akaniambia. "Na mgeni hanyoi watu. Kesho alfajiri panda kwake. Usiende kuomba radhi, utamfukuza kabisa. Mpelekee ulichomnyima."

"Imeharibika, mjomba. Ina shimo katikati."

"Nimesema ulichomnyima. Sikuuliza kina nini."

Hapa ndipo penye kosa la pili, nalo linaniuma kuliko la kwanza, maana la kwanza lilifanywa na mkono, na hili nililifanya kwa akili zangu zote. Sikwenda kesho yake. Nilijiambia siwezi kumpelekea mtu mzima makombo yenye shimo. Kakao ya keki moja ilikuwa imebaki kwenye kopo, nami nikaanza upya. Nilisaga karanga, nikaona chembe, nikasaga tena. Nilingoja mayai mapya kwa kuwa ya zamani niliyatilia shaka. Rojo la kwanza lilishika vizuri, lakini nikaogopa kumimina la pili mpaka kesho yake, karanga zisije zikazama. Siku moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Kila asubuhi mama alikaa nyuma ya mlango akisikiliza majembe ya majirani. Aliyajua kwa mlio. "Huyo amefika kwenye jiwe," alisema. "Huyo amemaliza." Nilimsikia, nikaendelea kulainisha kingo kwa kisu.

Siku ya tano nilipanda. Keki niliikata vipande sawa kwa uzi, nikaifunika kwa kitambaa nilichokipiga pasi. Bibi Chausiku alikuwa barazani anamenya maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu kiti. Habari za nyumbani?"

Adabu ile ilinichoma kuliko tusi. Nilikaa ncha ya kigoda, nikafunua kitambaa. Akaitazama keki.

"Imenyooka sana. Umekata kwa uzi?"

"Ndiyo, bibi."

"Umeitengeneza siku ngapi?"

Nilitaka kudanganya. "Nne."

Akarudi kwenye maharage yake. "Kwa hiyo mama yako amekaa ndani siku nne ili mistari hii inyooke."

Mwanangu, nilikuwa nimepanda mlima ule wote nikidhani nimebeba heshima. Nikalitazama sinia na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokipanga juu yake: siku nne za mama yangu, zimekatwa vipande sawasawa. Wala hapakuwa na mtu nyuma ya bega langu. Nilikuwa peke yangu na uzi wangu.

Sikupanga nilichofanya baada ya hapo. Nilitia mkono katikati ya keki, nikaponda, nikanyanyua donge lililochanganyika jeusi na la karanga, nikamnyooshea kiganjani. Aliutazama mkono wangu.

"Mchafu huo."

"Mchafu, bibi."

"Mchafu kama wa nani?"

Nilielewa anachokingoja. Sikuwahi kumtukana mtu mzima. Hata watani wenzangu wa rika langu nilikuwa nawajibu kwa adabu, kwa kuogopa kukosea tusi. Nikafumba macho.

"Kama wako," nikasema, "ajuza wewe uliyewashinda fisi kwa kula vya wafu."

Nikafungua jicho moja. Bibi Chausiku alikuwa ameinama, nikadhani nimemuua. Kumbe anacheka mpaka maharage yanamwagika. Alipopata pumzi, alichukua lile donge, nusu akaitia kinywani mwake, nusu akanisiliba nayo kifuani, juu ya shati nililolipiga pasi mara tatu.

"Sasa unafanana na mtu," akasema akitafuna. "Lakini karanga umeziunguza. Uzuri wa mkakasi."

Nilionja. Kweli, zilikuwa chungu. Siku nne nilikuwa nimepima unene wa tabaka na kulainisha kingo, na sikuwahi kuonja.

Aliteremka siku ileile na wembe wake, akinitukana njia nzima: miguu yangu, pasi yangu, mwanamke maskini atakayeolewa nami. Nilimjibu nilivyoweza. Jua lilipokuwa linainama alikuwa amewanyoa wafiwa wote na kuwaosha, na asubuhi mama akatoka na jembe. Ila mvua haimngoji mtu. Mahindi ya majirani yalikuwa yamekwisha kuchomoza. Yetu yalikutwa na jua yakiwa hayajabeba, na mwaka ule tulikula mihogo muda mrefu sana. Mama hakunisema hata mara moja. Angenisema ningepona mapema.

Nasaha yangu kwako, mwanangu, ni hii. Kizuri hakikosi ila, na ukikesha kuitafuta ila hiyo, mtu fulani analipa siku unazozipoteza, na mara nyingi ni yule asiyelalamika. Kitu ulichowapikia watu kikishatoka motoni ni cha watu. Acha mikono iingie. Ukimkosea mtu, mwendee na makombo uliyonayo leo, usimsubirishe ukitengeneza radhi yenye kingo zilizonyooka. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini mkono uliochelewa nao huukuta mlango umefungwa. Na yule anayekutania mbele za watu, mtunze. Siku atakapoanza kukuita kwa heshima, jiulize umefanya nini.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na ikitetemeka akupe watu wa kuicheka nawe. Mvua yako ikukute shambani. Jiko lako lisikose wa kulivamia.

Mimi bado ni mwoga, sikufichi. Lakini siku hizi naonja kwanza, na nikikosa naenda siku hiyohiyo.