Picha ya Wenyeji

Jirani anakaanga kahawa, na moshi wake umenirudisha uani kwetu Mbozi, miaka ile wageni walipoanza kuletwa kutazama tunavyoitwanga. Mama alitwanga kwa kupokezana na mke wa dereva wa malori, Mwislamu aliyetoka Tanga, ambaye sisi watoto tulimwita mama mdogo.

Siku moja kijana aliyekuwa akiongoza wageni alimnong'oneza mama, "Mama, huyu wa ushungi akae pembeni kidogo. Wageni wanataka picha ya wenyeji."

Mama mdogo alisikia. Akaweka mchi chini taratibu, akajifuta jasho.

Mama hakupaza sauti. Alikuwa ametwanga tangu asubuhi.

"Mwanangu, tumechoka," alisema. "Wapeleke wageni wako kwingine."

Wakaondoka, vumbi la gari likatuangukia. Hawakuletwa tena, na kijiji kizima kilimlaumu mama kwa kufukuza riziki.

Lakini jioni ile alitandika mkeka, akamvuta mwenzake. Walikaa bega kwa bega, miguu wameinyoosha. Nami nikajilaza mapajani mwao, kichwa kwa mmoja, miguu kwa mwingine, mpaka usingizi ukanichukua.