Chanjo mbili, corona moja: Dilmaya na mkwewe mkaidi

Saa kumi na mbili asubuhi, Dilmaya Pun anainjika sufuria ya gundruki, mboga zake zilizovundikwa, kama afanyavyo kila siku kabla ya kuanza kuzungukia nyumba za watu. Anatoka kumtupia majani nyati wake wa maziwa. Ghafla jirani yake, Lok Bahadur, anapaza sauti kutoka shamba la juu.

"Dada, unachoma nini huko? Kiatu?"

Dilmaya anarudi mbio. Mboga zimekuwa mkaa. Jiko limejaa moshi, na yeye hasikii harufu yoyote.

"Gundruki ikiungua, hata ng'ambo ya bonde wanajua," anasema. "Pua yangu ilipokuwa ya mwisho kupata habari, nikaelewa."

Kipimo kinathibitisha: ni corona. Aibu yake si ndogo. Dilmaya, mwenye miaka 47, ndiye mhudumu wa afya wa kujitolea wa kitongoji hiki cha milima ya Baglung, nchini Nepal. Amechanjwa mara mbili, na ndiye aliyewashawishi karibu wakazi wote wa nyumba 62 anazohudumia bila mshahara.

Hiyo "karibu" ndiyo inayomnyima raha. Watu tisa bado wanakataa, na kinara wao ni mama mkwe wake, Jasmaya, mwenye miaka 76 na pumu ya siku nyingi. Wauguzi watapanda huku kwa mara ya mwisho Alhamisi.

Sasa Dilmaya amejitenga katika ghala la mahindi. Majirani wanakuja kumjulia hali, kwa namna yao.

"Dada, ile sindano waliweka maji?" anauliza Lok Bahadur, mmoja wa wale tisa.

"Bila ile sindano, Kaka, ungekuwa unaongea na picha yangu, imevikwa shada la maua."

Homa inamshika siku mbili. Siku ya tatu yuko dirishani, anawakumbusha wajawazito tarehe za kliniki kwa sauti inayovuka bonde.

"Mgonjwa gani huyu?" analalamika Lok Bahadur. "Hata kulala mchana hatupati."

Jioni hiyo yeye na wenzake watatu wanajiandikisha.

Jasmaya hajiandikishi. Anaishi peke yake tangu kitindamimba wake aende Qatar, na kwa miezi mitatu Dilmaya amepanda kwake kila jioni kumbembeleza huku wakinywa chai. Leo bibi ameshuka mwenyewe na fimbo yake. Anakaa uani, hatua kumi kutoka ghalani, barakoa ikiwa kidevuni.

"Mama, wanne wamekubali. Wewe unangoja nini?"

"Chanjo yako haizuii kitu. Si wewe huyo umefungiwa na mahindi?"

"Nimefungiwa nikiwa mzima. Wewe na kifua chako hicho, Mama..."

Jasmaya anachokora udongo kwa fimbo.

"Jirani yangu Bishnumaya alikubali chanjo siku ya kwanza," anasema hatimaye. "Umerudi kwake lini kunywa chai?"

Dilmaya anaanza kuhesabu miezi kwa vidole, kisha anaacha.

"Basi. Sindano mimi siiogopi. Nilikataa kwa sababu ukija kunibembeleza, unakaa." Anapandisha barakoa. "Waambie Alhamisi waandike jina langu. Ila ukipona, mwanangu, uje hata kama huna cha kunishawishi."