Live CD ya Linux ilileta kioo cheusi, dawa nikapewa na mtani wangu, nikaikataa

Wakuu, salamu kutoka Ng'ambo, Tabora. Hii si chai. Mdogo wangu Zuhura ni shahidi, na mpaka leo ananicheka.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia kidato cha pili, wazazi walipotangulia nikabaki na wadogo watatu. Zuhura ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo.

Jumatatu moja asubuhi laptop yetu kuukuu ikagoma kuwasha Windows. Ndani kuna ripoti yake ya field, na mwisho wa kukabidhi ni siku hiyohiyo saa kumi jioni. Asipokabidhi, anarudia field nzima mwakani.

Copy nyingine? Nilimuuliza mara moja tu. Nilipoona macho yake sikurudia.

Nilikuwa na live CD ya Linux niliyopewa na mteja wangu mmoja, mwalimu. Alinieleza kuwa inawasha kompyuta bila kugusa kilichomo ndani, halafu unahamisha mafaili yako kwenye flash. Nikaiweka.

Menyu ikatokea, nikachagua mstari wa kwanza. CD ikanguruma, nembo ikaonekana, kisha kioo kikawa cheusi kama sufuria ya msibani.

Cha ajabu, sauti ya kukaribisha ikalia. Yaani mashine iko macho, ila haitaki kutazamana na sisi.

Nikaongeza mwanga. Nikamulika kioo kwa tochi, labda picha ipo ila taa ya ndani imekufa. Hamna kitu.

Nikaibeba hadi banda la mpira la jirani, tukaichomeka kwenye TV. TV nayo ikawa nyeusi. Wazee waliokuwa wakitazama marudio ya mechi wakaniomba, kwa adabu kabisa, niende na giza langu.

Saa saba nikampigia Kondo. Huyu ni fundi kompyuta, aliishi hapa miaka mingi, sasa yuko Dar. Tatizo lake moja: ni Mzaramo, na mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani.

Kwa msiojua utani wetu: mama alipofariki, Kondo alikuja msibani akajifunga khanga ya marehemu, akatugombeza kwa kuigiza sauti ya mama kwamba hatujaosha vyombo. Tulicheka huku tunalia. Nampenda sana.

Lakini huyohuyo, redio yangu ilipoanza kukoroma, aliniambia niivalishe soksi. Nikaivalisha. Akaomba picha aone kama soksi imekaa vizuri, kisha akaituma kwenye group zima la mtaa.

Sasa Kondo akanisikiliza, akasema: "Menyu ikitokea bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na linux. Futa quiet splash, andika nomodeset, kisha bonyeza F10."

Nomodeset. Wakuu, hilo ni neno au ni soksi nyingine?

Nikamwambia akaliandike kwenye mlango wa bibi yake. Akaapa. Kiapo cha mtani ni cha nini? Nikakata simu. Akapiga tena, nikakata tena.

Nikazima na kuwasha mara nane, kioo cheusi mara nane. Ikafika saa nane na nusu. Zuhura akaniuliza taratibu: "Kaka, siku akisema kweli, utaijuaje?"

Nikampigia Kondo, nikamwambia anipe mkewe. Shemeji ni Mmeru, hatuna utani naye. Akapokea simu huku anacheka, akasema: "Shemeji, andika tu. Ameacha hata ubwabwa wake, anazungukazunguka na simu."

Nikaandika, nikabonyeza F10.

CD ikanguruma. Kioo kikawa cheusi, nikaanza kutafuta tusi la kumtumia. Ghafla picha ikaja, kubwakubwa na ya kukwaruza, lakini picha. Zuhura akaifikia ripoti yake kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Flash, stationery, bodaboda. Alikabidhi saa kumi kasoro dakika sita.

Nilichojifunza: kama sauti ipo na picha hakuna, mara nyingi mashine ni nzima, ila Linux inaiendesha kadi ya picha kwa namna ambayo kadi haiiwezi. Nomodeset inaiambia itumie njia ya kawaida. Kwa live CD utaliandika kila unapowasha, maana haikumbuki kitu.

Sasa Linux imewaka ila wifi haionekani kabisa. Mwenye kujua ashuke hapa chini na maelezo. Wazaramo pia mnakaribishwa, ila jibu lenu aliandike mtu mwingine.