Nukta Nyeupe Chini ya Jicho la Ceres

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Katika soko la stempu la Marigny, jijini Paris, wauzaji wengi bado wanapangusa umande mezani, lakini Solange Kervadec keshainamia sanduku la stempu za bei ya kutupa, lenzi ameibana jichoni.

"Daktari huyo!" anamtania Thibaud Lescure, mwenye meza. "Leo umekuja kutafuta mgonjwa au maiti?"

"Hebu nyamaza, unaniharibia bahati."

Solange, mwenye umri wa miaka 61, ni fundi wa kurekebisha stempu. Iliyochanika anaiunga, iliyotoboka anaiziba. Kisha nyuma yake anaandika kwa penseli "imerekebishwa" na kutia saini, ili mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mwezi ukiwa mzuri hupata euro 1,400. "Ukiwa mbaya nakula supu ya vitunguu na kumshukuru Mungu," anasema.

Hapa Marigny haji kutafuta kazi. Anatafuta stempu ya buluu ya sentimu 25, yenye kichwa cha Ceres, mungu wa kike wa mavuno, ya mwaka 1871. Zimejaa tele, nyingi kwa bei ya kikombe cha kahawa. Anayoitaka yeye lazima iwe na nukta nyeupe chini ya jicho.

Enzi hizo bamba la kuchapia likiwa na kasoro, kasoro hiyo ilijirudia mahali palepale katika kila karatasi ya stempu. Basi wapo watu wanaozikusanya moja moja na kuirudisha kila stempu kwenye nafasi yake, wakiongozwa na madoa na mikwaruzo, mpaka karatasi nzima ikamilike. Utadhani wamerukwa na akili. Mimi nilidhani hivyo, hadi nilipomwona mwanamke mzima akilia kwa sababu ya nukta.

Mzee Fulgence Aubertin, mpanga herufi mstaafu wa kiwanda cha uchapaji anayeishi Vanves, pembezoni mwa Paris, ameihangaikia karatasi yake ujana na uzee. Ilibaki nafasi moja tu. Miaka mitatu iliyopita akaipata stempu yenyewe, pembe imechanika, akampelekea Solange, rafiki yake wa siku nyingi.

"Nifungie huo mpasuko tu," alimwambia.

Hakusema zaidi. Wakusanyaji wa huku hawataji walichokipata mpaka kikae ndani ya albamu, wanaogopa mkosi.

Solange akaiunga pembe. Kisha akaona nukta nyeupe shavuni, akadhani wino umebanduka. Akaijaza buluu kwa brashi nyembamba kama unywele, bila malipo.

"Nilitaka kumfurahisha," anasema. "Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Najuta, jamani. Najuta mno."

Aubertin alipoifungua bahasha yake hakupiga kelele. "Solange, mama," alisema, "nukta niliyoitafuta ndiyo hiyohiyo uliyoifuta."

Solange alijaribu kuutoa wino, lakini ulikwishazama kwenye karatasi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa macho ya mzee yanafifia, na Thibaud ana dawa yake. "Chukua nyingine, mkwangulie kinukta hapo shavuni," anamnong'oneza. "Atajuaje? Haoni yule. Mwache afe na furaha yake."

"Na nyuma niandike nini?" anauliza Solange.

Thibaud anajifanya kupanga masanduku.

Stempu iliyoharibika ingali kwa Aubertin. Ameiweka kwenye nafasi yake, lakini kifudifudi, kwa hiyo katikati ya vichwa vyote vya buluu unaona mgongo mweupe wenye saini ya Solange. Hakumkomoa. Alimwambia hataki kumtazama Ceres asiye na nukta yake. Solange akienda kunywa naye kahawa, huchagua kiti kinachoipa albamu kisogo.

"Nikiipata, nitaibandika kwa mkono wangu," anasema. "Halafu nitamwomba anirudishie ile, niichane."

Sanduku limekwisha. Simu inalia, kila Jumamosi hulia wakati huu.

"Vipi, mama?" sauti ya mzee inauliza.

"Bado, Bwana Aubertin."

"Haya. Na mimi bado nipo."

Solange anaifuta lenzi kwa pindo la skafu, anahamia meza ya pili.