Migomba Iliyoingia Ndani ya Mstari

Muzungu wa usafi aliyekuja mlimani kwetu, kwenye barabara ya kwenda Mweso, alikuwa na kipara kinachong'aa, na nadhani njo maana alitaka nyua zetu zote zifanane na kichwa chake. Alisimama mbele ya kanisa akasoma amri. Tangu barabarani mpaka mita kumi kuelekea nyumba kusiwe na kitu: si nyasi, si maharage, si mgomba. Katikati ipite njia ya mawe meusi yaliyopondwa, yanayotoka Sake, na kando yake mawe makubwa yaliyopakwa chokaa. Yaruhusiwe maua mekundu tu, yale ambayo hata mbuzi anayakataa. Uwanja mtupu unafukuza nyoka, alisema.

Nilisema kwamba nyoka wa kwetu Masisi hawajui kusoma. Watu wakacheka. Katekista, jirani yetu, akanipiga kofi lililonifanya nisikie kengele ya kanisa kabla ya saa yake.

Upande ule wa barabara kulikuwa na nyumba mbili tu, yake na yetu. Muzungu akapima kwa utepe wake, kapita, yule anayetutumikisha kwa jina la chifu, akapigilia vijiti: vinne kwa katekista, maana uwanja wake ni mpana, viwili kwetu. Migomba mitatu ya Mama ikabaki nje ya mstari, upande wa nyumba, ikapona kwa karibu mkono mmoja. Nilimwona Mama akikaa chini kwenye kizingiti.

Chini ya mgomba wa katikati amelala dada yangu mdogo. Aliishi siku tisa. Kwetu mtoto ambaye hajaota meno hapelekwi mbali. Anazikwa karibu na mlango, anapandiwa mgomba, ili asikie nyumba inavyoongea. Lakini serikali imekataza kuzika nyumbani, na mapadri wangeuliza kwa nini hakubatizwa. Kwa hiyo kwa watu wa nje ile ilikuwa migomba tu, na sisi tulifunga midomo.

Jumapili nilijidai naumwa tumbo. Watu wote walipokuwa kwenye misa niling'oa vijiti vinne vya katekista nikavisogeza nyuma, kuelekea nyumba yake, hatua tatu nzima, hadi banda lake la nguruwe likaingia ndani ya mstari. Nilicheka peke yangu mpaka tumbo likauma kweli.

Jumatatu kapita akaja na kamba. Muzungu alikuwa amekwisha kwenda Mweso na utepe wake. Kapita akaifunga kamba kwenye kijiti cha kwanza cha katekista, akaivuta mpaka kwetu, akaona mstari umepinda kama mkia wa mbwa. Akakuna kichwa.

"Bijiti mbili iko inasema hapa," akamwambia baba yangu, Papa, "bijiti ine iko inasema kule. Kwa baraza ya chifu, bashahidi bane na babili, nani anashinda?"

"Bane," Papa akajibu polepole.

"Njo ile. Ya kwako njo ilikosea."

Akaving'oa vijiti vyetu, akavipigilia nyuma ya migomba.

"Kapita," Mama akasema, "ngoja Muzungu arudie na utepe yake."

"Mama, akirudia akute mugomba, Papa huyu analala gereza. Ung'oe na mizizi, isiote tena."

Hapo nilipaswa kusema. Neno moja lingetosha. Lakini kusogeza kijiti cha serikali ni viboko mbele ya ofisi, na mzazi ndiye anayelala chini kwa ajili ya mtoto. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa zaidi macho ya Mama. Mimi ambaye sikosi neno hata kwenye mazishi, nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Katekista alimhamisha nguruwe wake kabla ya mchana, akiimba.

"Nasi tumuhamishe?" Papa akauliza, kwa sauti ya chini.

"Mutoto hahamishwi kama nguruwe," Mama akasema.

Papa alikata migomba miwili ya pembeni akang'oa na mizizi. Alipofika kwa ule wa katikati, Mama akamnyang'anya panga. Aliukata mwenyewe, sawasawa na udongo, hakugusa mzizi. Maji ya mgomba yalimtiririkia mikononi, hakuyafuta. Kisha tukamwaga mawe ya Sake juu yake, mimi nikibeba kwa kikapu, maana njia haikuwa na pengine pa kupita. Kapita akaikanyaga akaisifu kuwa ngumu.

Muzungu aliporudi hakupima tena. Alipenda sana uwanja wetu. Alisimama pale pale katikati, akaniambia nimtafsirie Mama kwamba akina mama wengine waige. Nikatafsiri.

"Umwambie aksanti," Mama akasema, akitazama viatu vya Muzungu.

Mvua zilipoanza, chipukizi likapenya kati ya mawe. Ukaguzi ni kila Jumamosi, na Papa hakutaka kulikata, Mama hakuweza, kwa hiyo nilikata mimi. Wiki iliyofuata likatoka lingine, jembamba zaidi. Nikakata. Mama alikuwa anaingia kupitia mlango wa nyuma, hata akiwa na mzigo wa kuni, na kila Jumamosi aliniuliza swali lilelile kabla sijaenda masomo.

"Ulishakata?"

"Ndiyo, Mama."

Nilikuwa naona jibu hilo linampoza kidogo, kama mtu aliyesalimiwa. Sikumwambia kuhusu vijiti. Mpaka leo sijamwambia.

Jumamosi iliyopita aliuliza tena.

"Hakukutoka kitu, Mama."

Akaenda mbele ya nyumba, mara ya kwanza tangu siku ile, akainama, akaondoa jiwe moja, kisha jingine. Chini kisiki kilikuwa cheusi na laini. Aliyarudisha mawe mahali pake, kwa mpangilio, kwa sababu ya ukaguzi.